Siagi, Mkuki na Heri

Katika waongo wote niliowahi kuwapenda, na si wachache, Maalim ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wote. Najua hapo nimeshaanza kuwachanganya. Ngojeni kwanza, maana hata mimi alinichanganya miaka tisa mizima, na mwisho wake ikabidi jina la mwanangu wa kwanza lipite mdomoni mwake kabla halijaandikwa kwenye karatasi ya hospitali. Baba yangu alikuwa mgonjwa kitandani, kijijini kwetu nje ya Songea, akilisubiri jina hilo. Mume wangu alikuwa amelikataa. Katikati yao nikakaa mimi na tumbo langu, pamoja na mzee huyu wa Kizanzibari mwenye kofia ya viua.

Jina lake silitaji. Guangzhou yote, mji huu wa Wachina, namaanisha Guangzhou yetu sisi tunaosema Kiswahili, ilimwita Maalim tu, na hakuna aliyeuliza zaidi. Kazi yake ilikuwa ukalimani katika soko la vitambaa la Zhongda. Asubuhi ungemkuta kwenye ngazi za lango, amekalia jora la kitambaa ambalo si lake, chupa ya chai ya tangawizi iko mapajani, anawasubiri wafanyabiashara waliotoka uwanja wa ndege na macho mekundu, ambao Kichina chao chote ni neno moja, taigui, yaani ghali mno. Anawachukua, anawazungusha kwa malaoban, wale wenye maduka, na jioni anawarudisha wamechoka ila wamepata walichokuja kutafuta. Lifti hapandi. Ghorofa ya tano atapanda kwa miguu, afike anahema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, halafu akwambie ni kwa ajili ya afya. Woga ule! Mimi nilimwona siku moja mlango wa lifti umefunguka mbele yake, akaupisha kama anampisha mkwe.

Tuanze na uongo wake. Nilipofika nilikuwa mwanafunzi wa ufadhili, nasomea mambo ya nguo, na siku za mapumziko namfuata Maalim sokoni nijifunze biashara. Siku moja mama mmoja wa Kariakoo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alirudisha jora la kitambaa cha madera lililochuja rangi. Akamwambia Maalim, "Mwambie huyu mwanamke ni mwizi asiye na haya, na Mungu atamlipa hapa hapa duniani!"

Maalim akainama kidogo, akamwambia laoban kwa Kichina kitamu, "Dada huyu anasema duka lako analipenda, ndiyo maana rangi hii imemuuma kuliko ingetoka duka jingine."

Laoban naye ulimi alikuwa nao. Akajibu kwamba mwenye macho hupima kitambaa kabla ya kununua, na kama mteja hataki, mlango ule pale. Maalim akamgeukia mama wa Kariakoo. "Anasema mteja mwenye jicho kali kama lako hajapata kumwona, na anakuonea haya."

Mama akalegea. Laoban akalegea. Ilipofika saa sita jora limebadilishwa na wanapiga picha wameshikana viuno, na hadi leo wanatumiana zawadi za sikukuu. Urafiki wao umejengwa juu ya maneno ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyasema. Kichina changu kilikuwa kimeshaanza kukomaa, kwa hiyo nilibaki mdomo wazi.

"Maalim," nikamwambia tulipokuwa tunashuka ngazi, "kumbe wewe ni mwongo!"

"Mie?" Akaweka mkono kifuani. "Binti yangu, sentensi ni mali ya walio hai. Naikunja ipite mlangoni, huko ndani wataikunjua wenyewe. Lakini neno lina wenyewe, na wenyewe wameshakufa, hawawezi kujitetea. Neno silipindi."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekamatwa. Kumbe wapi! Kulikuwa na tajiri mmoja wa Dar, mteja wake mkubwa, aliyetaka kuchapisha vitenge vyenye jina la mkewe, Zubeda, na pembeni maana ya jina kwa maandishi ya Kichina. Akamwita Maalim mbele ya mkewe, mbele ya mchapaji, mbele yangu, na mbele ya kijana mmoja aliyekuwa ananifukuzia wakati ule ambaye sasa ndiye mume wangu. "Maalim, mwandikie hapa kwamba Zubeda maana yake almasi."

"Zubeda ni siagi," Maalim akasema.

"Nini?"

"Siagi. Kijisiagi, ukipenda, kwa mahaba."

Tajiri akamkonyeza. Maalim akamtazama tu. Tajiri akamkonyeza tena, mpaka nikadhani jicho litabaki limefumba. "Basi malkia?"

"Siagi, bwana. Ile bora, inayoelea juu."

Bi Zubeda akamgeukia mumewe taratibu. "Miaka kumi na saba unaniita almasi, kumbe mimi ni kitu cha kupaka mkate?" Vitenge havikuchapwa. Tajiri akahamia kwa mkalimani mwingine na Maalim akapoteza mteja wake mkubwa kuliko wote kwa sababu ya siagi. Huyu kijana wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni, na tangu siku hiyo akawa na imani moja isiyotikisika: Maalim atadanganya yote, ila mzizi wa neno hadanganyi. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kunikaba.

Alikuwa na vituko, jamani. Koti la suti la kijivu alilivaa hata mwezi wa saba, joto likiwa la kuyeyusha lami. Sala hakuchelewa hata moja, na ahadi nyingine zote alichelewa. Jumapili mchana alikaa kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu wa Kichina, akaomba maji ya moto ya bure, akatia tangawizi yake mwenyewe kutoka mfukoni, na mwenye mgahawa alikuwa ameshakata tamaa naye. Pale ndipo wanafunzi tulipomfuata. Alitutukana kwanza: "Nyie wa bara Kiswahili mmekiokota njiani, mnakivaa kama kiatu cha mtu." Kisha angekaa saa nne nzima kumnyooshea mtu tafsiri ya tasnifu yake, na ukimpa chochote anakasirika kwelikweli. Tamthilia za Kichina za mapenzi alizitazama kwenye simu huku analia. Ukimuuliza, anasema ni pilipili.

Na majina! Hukai naye dakika tano hajakuuliza jina na kulifungua kama anayepasua dafu. Kulikuwa na mwanafunzi wa Kenya aitwaye Wilfredi, mgomvi hakuna mfano. Maalim akamwambia, "Jina lako la Wajerumani wa kale. Maana yake ni mtaka amani. Sasa mbona unagombana na mpika tambi?"

"Zii, Maalim, huyo amenibeba ufala," Wilfredi akasema, yaani kamfanya mjinga.

"Mtaka amani," Maalim akarudia, na likawa ndilo jina lake la utani mpaka alipohitimu.

Ujuzi huo, Mwislamu wa Unguja na majina ya Wajerumani wa kale, aliupata kwa sababu ya baridi. Ujanani alipelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea mitambo ya uchapaji. "Baridi ile ina meno, binti yangu. Dirisha langu lilikuwa halifungi. Penye joto palikuwa maktaba peke yake, na humo bomba la moto lilipita chini ya rafu moja tu." Rafu hiyo ilikuwa ya majina ya kale. Akaisoma yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, msimu wa baridi mara mbili. Bomba lingepita chini ya rafu ya wadudu, leo angekuwa anatufungulia nzige.

Alitueleza kwamba watu wale hawakuwa na majina ya ukoo. Walikuwa na fungu la vipande: jeshi, mkuki, ngao, kunguru, mbwa mwitu, amani, vita, ushindi, mng'aro. Mtoto akizaliwa wanachukua kipande cha upande wa baba na kipande cha upande wa mama, wanashona pamoja, basi. Maana ikitoka sawa, vizuri. Isipotoka, hawajali, ndiyo maana walikuwapo watu walioitwa amani-vita na wakaishi nalo. "Kama wanawake wa Zhongda na mabaki ya majora," alisema. "Wanaunga, hawaulizi ua hili limejuana wapi na mistari hii." Tulicheka. Sikujua kwamba ananiambia habari za nyumbani kwetu.

Baba yangu anaitwa Heriberti. Mama yetu alizaa wasichana wanne, kaka hatuna. Nilipopata mimba, mzee hakunibembeleza wala hakuniamuru. Alianza tu kunitumia ujumbe wa sauti kila Jumapili baada ya misa: "Mama, hujambo? Na Heriberti mdogo, anacheza?" Vipimo vilikuwa havijasema hata kama ni mvulana! Halafu moyo wake ukaanza kumsumbua. Ujumbe ukawa mfupi, katikati anapumzika, nasikia kuku wa jirani. Dada yangu mkubwa akanipigia akaniambia bila kuzunguka, "Anachosubiri ni hicho tu. Usimwangushe." Nililia jikoni, nikaosha uso, nikaenda kuongea na mume wangu.

Mume wangu naye ni wa Songea, Mngoni, jina lake Geradi. Mtu mpole. Siku hiyo hakuwa mpole. "Jina la Kijerumani?" akasema. "Babu wa babu yangu Wajerumani walimnyonga. Leo nimwite mwanangu kwa lugha ya waliofunga ile kamba?"

Nikamwambia nilichokuwa najua tangu utoto. "Si la Kijerumani hilo, ni heri. Kama kila la heri, kama heri ya mwaka mpya. Bibi alimwita baba Heri mpaka anaingia kaburini. Hiyo berti ni mkia tu."

Akasema, "Kama kweli kuna heri ndani yake, nitaliandika kwa mkono wangu. Lakini tumuulize Maalim. Yule, mzizi wa neno hadanganyi." Nikafurahi kama mjinga. Jumapili iliyofuata nikatangulia peke yangu kwenye mgahawa wa tambi, nikalipate jibu langu mapema.

Maalim aliposikia jina, uso ulimng'aa. "Heriberti! Ahaa! Hilo ni la zamani sana. Vipande viwili. Berti ilikuwa beraht, yaani yenye kung'aa."

"Na heri ni heri," nikasema.

Akavuta tambi zake, akafuta mdomo. "Heri," akasema, "ni jeshi."

Nikadhani sikusikia. Akaniandikia mezani kwa kidole kilicholowa mchuzi: h, e, r, i. "Herufi kwa herufi kama yetu! Ajabu, ee? Lakini kheri yetu imetoka Uarabuni, na heri yao imetoka kwenye misitu yao. Hazijuani hata kwa salamu. Jeshi ling'aalo, ndilo jina la babako. Ngao na mikuki kwenye jua." Akaendelea kwa furaha ya mtaalamu: wafalme wa Wafaranki walilivaa, kisha askofu mmoja wa mji wa Mto Rhine akawa mtakatifu, Kanisa likalishika lisife kama yalivyokufa mengine, Waingereza wakaliita Habati, na mapadri wakaja nalo mpaka kusini kwetu. Mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza zamani. Nilikuwa namwona mume wangu amesimama na ile kamba yake, na sasa namletea na jeshi.

"Maalim," nikamwambia, "Geradi atakuja kukuuliza. Sema ni heri."

"Silipindi."

"Maalim, baba yangu anakufa!"

Akaweka vijiti chini. Nikaona anaumia, lakini akatikisa kichwa. "Niombe jingine, binti yangu. Niombe figo."

Nikajaribu ujanja. Nikamwambia kuna laoban wa kike aliyesikia "Heri" akasema kwa Kichina hè lǐ ni zawadi unayompelekea mtu kwenye sherehe yake, kumpongeza. Basi si aseme hiyo? "Hilo ni neno jingine," akasema, "lina wafu wengine." Nikamwambia ana roho ya siagi iliyokaa kwenye friji. Akacheka mpaka akakohoa, huku mimi nalia, na Wachina wa meza ya pili wakatuletea karatasi za kufutia uso. Nilimchukia siku ile, nasema wazi.

Ikabidi nifanye kazi ya kuwatenganisha wanaume wawili katika soko moja. Geradi akisema leo anakwenda Zhongda, nasema Maalim yuko nje ya mji, Xintang, na wanunuzi wa jinzi. Akisema Jumapili tumfuate kwenye tambi, mgongo unaniuma ghafla. Siku moja walikutana uso kwa uso kwenye ngazi za soko na mimi nipo. Geradi akafungua mdomo: "Maalim, nina swali la jina." Mimi nyuma yake nikawa namfanyia Maalim ishara zote, mikono, macho, tumbo lenyewe nikalishika.

Maalim akanitazama, akamtazama. "Kwanza weye, yakhe," akasema, "la kwako unalijua? Geradi. Ger ni mkuki, hard ni mgumu. Mkuki mgumu! Mjerumani mtupu!"

"Geradi ni mtakatifu!" mume wangu akapiga kelele. "Mtakatifu wa Kitaliano!"

"Mtaliano aliazima kwa Wajerumani. Na hajarudisha."

Watu wakacheka ngazi nzima, na swali letu likasahauliwa. Hakusema uongo hata nukta, na siri yangu hakuitoa. Nyumbani Geradi alinuna siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mimi sikujichagulia. Mwanangu ndiye ninayemchagulia." Hapo alikuwa na haki, nami nilijua.

Mtoto alizaliwa mvulana. Siku ya tano nesi alikuwa ameshapiga simu mara mbili: karatasi ya kuzaliwa inahitaji jina, mwisho leo jioni. Na siku hiyo hiyo, kwa bahati au kwa balaa, Maalim akaja kutuaga. Alikuwa anarudi Unguja moja kwa moja wiki ile. Tunakaa ghorofa ya saba. Tulimsikia anapanda tangu ya tatu. Aliingia na mayai na tangawizi, kama watu wa huku wanavyompelekea aliyejifungua, pamoja na miguu ya nguruwe, ila hiyo miguu kaiacha huko huko sokoni. Akamtazama mtoto, akasema mashallah, akakaa karibu na mlango.

Hata hajanywa maji, simu ikalia. Ni baba, kwa video, dada ndiye amemshikia. Amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Geradi akamsalimia shikamoo, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, akatandaza karatasi ya hospitali mezani. Akamgeukia Maalim.

"Maalim, mbele ya mzee mwenyewe. Nakuuliza mara moja, na utakachosema ndicho nitakachofuata. Heri iliyo kwenye Heriberti ni nini?"

Nilimtazama Maalim. Sikufanya ishara yoyote, nilikuwa sina tena. Yeye alimtazama baba yangu kwenye kioo kile kidogo, na baba yangu akamtazama. Akavua kofia, akafuta kipara, akaivaa tena.

"Heri," akasema, "ni heri. Kama... kama yetu tu. Ni baraka."

Huyu mtu aliyedanganya soko zima bila kupepesa jicho, sasa sauti ilimtetemeka kama mtoto aliyeiba sukari! Kwa ajili yangu. Nikataka nimkumbatie hapo hapo, na nikaona haya kwa nilichomfanya. Geradi akashika kalamu.

Kwenye simu kukatoka kikohozi, kisha kicheko chembamba. "Mzee mwenzangu," baba akasema.

"Naam, mzee mwenzangu."

"Nashukuru kwa wema wako. Lakini mkwe wangu usimdanganye. Ni jeshi hiyo."

Maalim aliinamisha kichwa, nikaona masikio yake yamelegea.

"Padri mmoja mzee aliniambia," baba akaendelea, polepole, akipumzika kila mahali. "Karakanani, nikiwa kijana najifunza useremala. Alinieleza kwa fahari, jeshi linalong'aa. Nikakimbia nyumbani nalia. Nikamwambia mama, jina hili ni jeshi, ndio wale wale waliochoma maghala yetu. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Hata hakuinua kichwa. Akasema, padri siku ya kukubatiza alisema lake, mimi nikasikia langu. Nimekuita Heri miaka kumi na minne, na kila siku umeitika. Ulikuwa unamwitikia nani, padri au mimi?" Akapumzika. "Nikaenda kuchota maji."

Geradi alikuwa ameshika kalamu hewani.

"Basi, Geradi baba, sikudai. Likikuuma, liache. Mwite unavyotaka, mjukuu ni wangu tu. Nilitaka ulijue lote kabla hujaandika."

Mume wangu alikaa. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira kwenye ukumbi wa ngazi, unagonga ukuta, unagonga tena. Hatimaye Geradi akasema, bila kumwangalia mtu, "Maalim. Linaandikwa pamoja au mbalimbali?"

"Pamoja," Maalim akajibu kwa sauti ndogo.

Akaandika. Herufi kubwa, mojamoja, kama mtu aliye kwenye mtihani. Akaweka kalamu chini, akanichukulia mtoto mikononi, akampeleka mbele ya simu.

"Heriberti," akasema, "msalimie babu."

Baba hakujibu. Simu ikatikisika, uso wake ukatoka, tukabaki tunatazama mabati ya paa la nyumbani na kusikia pumzi zake, na kwikwi, na dada akimwambia pole baba, pole. Maalim akasogea mpaka begani kwa mume wangu, akamnong'oneza kama alivyowanong'oneza watu sokoni maisha yake yote.

"Anasema ahsante."

"Nimemsikia, Maalim," mume wangu akasema.